Sinia Juu ya Paa: Kufunga Antena za Redio kwenye Nyumba ya Magurudumu

Siku ya kwanza kupanda juu ya paa la gari langu la kambi na antena ya sumaku mkononi, niliiweka, nikaiachia, ikalala ubavu. Nikaisimamisha tena, ikalala tena. Sumaku ile ile kwenye gari dogo inang'ang'ania mpaka uitie kidole chini ndipo iachie. Hapa haikuwa na habari. Nilikuwa nimenunua nyumba ya magurudumu, zile Wamarekani wanaziita RV: mbele kichwa cha Ford E-450, nyuma sanduku lenye kitanda, jiko na choo. Sikuwahi kujiuliza lile sanduku limetengenezwa kwa kitu gani. Paa ni plaiwudi iliyovishwa mpira. Kuta ni faibaglasi. Chuma kiko chini kabisa, kwenye chasi.

Karibu kila kitu kwenye mwongozo huu kinazunguka jambo hilo. Maelekezo mengi ya antena za gari yanachukulia kwamba gari lako ni bati tupu kuanzia boneti hadi buti. Ukiyafuata juu ya paa la mpira utapata redio inayosikia kidogo, inayorusha kidogo zaidi, na juu yake tundu linalovuja kitandani. Mimi nilivipata vyote vitatu.

Ninaandika kwa Waswahili tulio huku Marekani ambao tumeingia kwenye redio ya ridhaa, yaani kuzungumza hewani kwa kujifurahisha na kwa leseni, au tunaichungulia. Wenyeji wa mchezo huu wanajiita ham. Mimi husoma hamu, na sioni kama nimekosea.

Leseni, kwa ufupi

Mtihani wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, hauulizi uraia. Kama wewe si mwakilishi wa serikali ya nje, unafanya. Daraja la Technician lina maswali 35 na unatakiwa upate 26. Alama za Morse, zile za nukta na mistari, zilifutwa kwenye mitihani mwaka 2007. Ada ya FCC ni dola 35. Technician anapata bendi zote za juu, yaani mita 2 na sentimita 70 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake) ambako zinaishi ripita, mitambo inayopokea sauti yako na kuirusha upya, lakini kwenye HF, yaani masafa ya chini yanayofika mbali, sauti yake inaruhusiwa mita 10 peke yake, kati ya megahezi 28.3 na 28.5. Ukitaka mita 40 na mita 20 upande daraja la General. Ujue mapema uko wapi, maana hilo ndilo litakaloamua ununue antena gani. Na ukibeba redio kwenda nyumbani likizo, leseni ya Marekani haisafiri nayo: Tanzania unaomba kibali TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, Kenya unaomba kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Hatua ya 1: Zunguka na sumaku

Toa sumaku moja kwenye mlango wa friji, zunguka gari lote ukigusisha. Kwenye gari langu ilishika boneti, milango miwili ya mbele, na bampa. Basi. Ngazi ya nyuma ni alumini. Paa la kichwa cha Ford, ambalo nilidhani litaniokoa, limefunikwa na kile kitanda kinachotokeza juu ya dereva. Kama una Airstream, zile zinazong'aa kama sufuria mpya, sumaku haitashika lakini usihuzunike: mwili wake ni alumini, na kwa mawimbi ya redio alumini ni chuma safi kabisa. Wewe utahitaji kitako, yaani kishikio cha antena, cha kufunga kwa nati tu, na nusu ya matatizo yetu hayakuhusu.

Baada ya sumaku, chukua mita ya umeme. Weka kwenye kipimo cha ukinzani, waya mmoja kwenye chasi, mwingine kwenye ngazi. Yangu haikuonyesha chochote. Ngazi ile imefungwa kwa skrubu kwenye faibaglasi na haijuani kabisa na chasi. Kwa hiyo mtu akikwambia "funga kwenye ngazi, ni chuma hiyo", mjibu kwa mita.

Ukiwa bado juu, pima kimo cha gari. Kamba yenye kipande cha chuma mwishoni inatosha: iteremshe kutoka juu ya kiyoyozi hadi chini, kisha pima kamba. Langu ni mita 3.35. Majimbo mengi ya mashariki yanaruhusu gari hadi futi 13 na inchi 6, yaani mita 4.11, lakini sheria ya jimbo haimwambii mtu aliyejenga daraja la zamani. Pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, maarufu kwa kuchuna mapaa ya malori. Mwaka 2019 waliliinua hadi futi 12 na inchi 4, na bado linachuna. Andika kimo chako pamoja na antena kwenye karatasi, ubandike kwenye kizuia jua cha dereva, kwa futi na inchi, maana vibao vya barabarani huku havijui mita.

Hatua ya 2: Jaribu kwa sinia

Fimbo ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni kile chuma kilicho chini yake. Umeme unaopanda kwenye fimbo lazima uwe na pa kurudia, kama miguu ya mtu anayeruka: bila ardhi ya kusukuma, haruki. Kwenye gari la kawaida paa la bati linafanya kazi hiyo kimyakimya na hakuna anayelishukuru. Kwenye RV inabidi uilete hiyo ardhi mwenyewe.

Urefu wa robo wimbi kwa mita unapatikana kwa kugawa 71.5 kwa megahezi. Kwa 146, ya bendi ya mita 2, unapata sentimita 49. Kwa 446, ya bendi ya sentimita 70, ni sentimita 16. Kwa megahezi 14.2 za mita 20 ni mita 5, na hapo utaona kwa nini HF ni habari nyingine tutakayoijia. Chuma cha chini nacho kinatakiwa kitambae karibu umbali huo huo kila upande kutoka kwenye kitako.

Kabla hujatoboa chochote, fanya majaribio. Mimi nilichukua sinia la pilau, lile kubwa la bati lililopakwa rangi, la siku ya Idi. Hakikisha sumaku inalishika, kwa sababu masinia mengi ya chuma kisichoshika kutu hayashiki sumaku. Nikaliweka juu ya paa, nikasimamisha antena ya sumaku katikati, nikateremsha waya kupitia dirisha. Bila sinia, SWR, yaani kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena (1 ndiyo safi kabisa), ilikuwa 3.8 na redio ikawa inajipunguza nguvu yenyewe. Na sinia, 1.5. Sinia lenyewe lilikuwa la sentimita 60 tu, yaani 30 kila upande, pungufu ya zile 49, lakini tofauti niliisikia kwenye ripita ya kwanza niliyoiita. Mke wangu naye alisikia, ila yeye alisikia sinia likiburuzwa juu ya paa. "Baba, hilo unalirudisha leo au ninunue lingine?" Nilirudisha. Lilikaa juu wiki tatu kwanza.

Hizo wiki tatu zilinifaa kuliko kifaa chochote nilichonunua. Sogeza sinia mbele, nyuma, mbali na kiyoyozi, mbali na paneli za sola. Sikiliza kelele. Piga redio. Kwenye gari langu sehemu nzuri ilikuwa katikati ya paa, nyuma ya kiyoyozi, kwa sababu mbele kidhibiti cha sola kilikuwa kinanguruma. Usiendeshe gari barabarani na sinia juu. Hili ni la kambini, gari likiwa limesimama.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kudumu

Baada ya sinia, njia ni tatu.

Ya kwanza ni boneti. Kuna vitako vidogo vinavyobana ukingo wa boneti kwa skrubu ndogo, havitoboi kitu. Kwangua rangi chini ya zile skrubu mpaka uone chuma, la sivyo umebana rangi tu. Antena itakuwa chini, na sanduku la nyuma litakula sehemu ya mawimbi yanayoelekea nyuma, lakini kwa ripita za mjini inatosha kabisa. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia boneti.

Ya pili ni antena ya nusu wimbi, yenye urefu wa karibu mita moja kwa bendi ya mita 2, ambayo haihitaji chuma chini yake. Hii unaweza kuifunga kwenye ngazi ya alumini bila wasiwasi. Hakikisha muuzaji ameandika wazi kwamba haihitaji bati la chini. Mita moja ya urefu peke yake si ushahidi. Kasoro yake ni kimo, na matawi.

Ya tatu, niliyoishia nayo, ni bati halisi juu ya paa. Hapa nitakaa kidogo.

Hatua ya 4: Bati, skrubu na maji

Kitako cha NMO, ambacho wengi wanakitumia, kinapita kwenye tundu la milimita 19 na kimetengenezwa kwa bati jembamba. Paa la RV lina unene wa sentimita kadhaa. Usijaribu kukipitisha humo. Nilichofanya ni kununua bati la alumini la mita moja kwa mita moja, jembamba, na kibao kidogo cha alumini nilichokikunja kama benchi, kimo sentimita 3. Kitako kinakaa juu ya benchi, waya unatokea chini yake pembeni, na benchi limefungwa kwa skrubu nne zinazopita kwenye bati hadi kwenye mbao ya paa. Mahali benchi linapogusana na bati, sugua kwa msasa mpaka ling'ae, pande zote mbili.

Mbao ya paa unaipataje? Plaiwudi peke yake haishiki skrubu kwa miaka. Ingia ndani, fungua ile fremu ya plastiki inayozunguka feni ya choo au taa ya dari, chungulia. Utaona unene wa paa na wapi mbao au paipu za alumini zinapita. Hapo hapo utaona pia kama kuna nyaya au njia ya hewa ya kiyoyozi chini ya mahali ulipopapenda. Mimi ningetoboa njia ya hewa. Nilihama sentimita 20.

Ukipanda, panda asubuhi mpira ukiwa baridi, piga magoti juu ya kipande cha ubao ili uzito usambae, na usijiegemeze ukingoni. Ngazi ya kiwandani nyuma ya gari ni dalili kwamba paa linapandika, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa maji. Mara ya kwanza nilifunga kitako kidogo cha kebo kwa silikoni. Muuzaji alisema inashika kila kitu. Inashika kila kitu isipokuwa mpira wa EPDM, ambao ndio paa langu lilivyo. Mvua ya tatu, nimelala chali, naona juu yangu doa la kahawia lenye ukubwa wa andazi. Nikaligusa, kidole kikazama. Kubadilisha kipande kile cha dari kuliniondolea wikiendi mbili, na kuliondoa lile silikoni kwenye mpira kulichukua muda zaidi, kwa sababu lisipotoka lote hakuna gundi nyingine itakayokubali kukaa juu yake.

Fanya hivi badala yake. Osha mpira kwa maji na sabuni nyepesi, ukaushe. Usitumie petroli wala dawa yoyote yenye mafuta, inauvimbisha. Chini ya bati na chini ya kila kitako laza utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonyumbulika kama ulimbo. Kaza skrubu mpaka butili uchungulie pembeni kidogo. Juu ya kila kichwa cha skrubu mimina gundi ya paa la RV, ile inayojisawazisha yenyewe, ya aina inayokubaliana na paa lako. EPDM na TPO, aina nyingine ya paa, si kitu kimoja, kopo litasema. Mwisho, kingo zote nne za bati zibandike kwa utepe mpana wa kuzibia paa, nusu juu ya bati, nusu juu ya mpira, usiache hata kona. Si kwa ajili ya maji tu. Upepo wa barabara kuu ukipata pa kuingiza ukucha chini ya bati la mita moja, utakuwa na tanga, si antena.

Hatua ya 5: Waya uingie wapi

Kama friji lako ni lile la gesi, juu yake kwenye paa kuna kofia ya plastiki ya kutolea joto. Hilo ni tundu ambalo kiwanda kimeshatoboa na kuliziba vizuri. Pitisha waya humo, ushuke nyuma ya friji, utokee kwenye kabati. Ufunge mbali na bomba la moshi la kichomeo, maana linachoma plastiki. Kama friji ni la umeme na kofia haipo, tafuta kisahani cha waya wa televisheni au wa sola.

Kabla waya haujaingia popote, uache utengeneze tumbo, yaani ushuke chini kidogo kisha upande kuingia. Maji yanafuata waya kama siafu, yakifika kwenye tumbo yanadondoka nje.

Aina ya waya ina maana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mita 10 za RG-58, kebo nyembamba ya kawaida, kwenye megahezi 146 zinakula zaidi ya theluthi ya nguvu yako kabla haijafika kwenye antena. Chini ya mita 5 usijali. Zaidi ya hapo, tafuta RG-8X au nene zaidi, na usiikunje kona kali.

HF ukiwa njiani

Aliyekulia Kigoma, Bukavu au Bujumbura anakumbuka magari meupe ya UN na ya mashirika ya wakimbizi, Land Cruiser zenye mfimbo mrefu uliosimama kwenye bampa ya mbele, wakati mwingine umeinamishwa kwa kamba kama upinde. Ile ni HF. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ya kuvulia samaki. Angalia ilikofungwa: kwenye bampa nzito ya chuma, iliyokazwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chasi. Wale mafundi walijua. Kwenye HF, hakuna bati la mita moja litakalotosha. Unahitaji gari zima.

Kwa hiyo kwenye RV, fimbo ya HF inafungwa nyuma, kwenye bampa au kwenye kishikio cha kuvutia tela, ambacho ni chuma kilichoshikana na chasi. Usiiamini ile bolti yenye kutu. Unganisha kitako na chasi kwa mkanda wa shaba uliosukwa, mpana wa sentimita 2 au 3 na mfupi iwezekanavyo. Waya mwembamba wa mviringo haufai, kwa sababu mawimbi ya redio yanatembea kwenye ngozi ya metali, na mkanda una ngozi nyingi. Unganisha pia bomba la moshi la injini na chasi, na boneti pia kama hujaitumia. Kama una ngazi ya alumini, iunganishe nayo, iache uvivu.

Fimbo zenyewe: zile za bei nafuu, za bendi moja moja zenye waya uliozungushwa, karibu mita 2.4, na zile zenye mota ndogo inayopandisha na kuteremsha koili, ambazo unazirekebisha ukiwa kwenye usukani. Hizi za mota ni ghali na nzito, na kitako chake lazima kiwe imara kweli. Lakini usijidanganye kuhusu nguvu. Kwenye mita 20 na mita 10 fimbo inafanya kazi ya heshima. Kwenye mita 80 fimbo ya mita 2.4 inageuza zaidi ya asilimia 90 ya nguvu yako kuwa joto.

HF ukiwa umepiga kambi

Hapa ndipo RV inapolipa. Ukishasimama, sahau fimbo. Chukua waya wa mita 20, transfoma ya 49 kwa 1, na mlingoti wa faibaglasi unaovutika wa mita 10. Waya huo ni nusu wimbi kwenye bendi ya mita 40 na unakubali bendi za mita 20, 15 na 10 bila kubadilisha kitu. Kitako cha mlingoti ni kipande cha chuma chenye bomba: unakiweka chini, unakikanyaga kwa tairi la nyuma, umemaliza. Transfoma naifunga kwenye ngazi kwa kamba, waya unapanda kutoka hapo hadi ncha ya mlingoti na kushuka upande wa pili kama paa la msonge. Waya mfupi wa mita 2 upande wa ardhi wa transfoma, na feraiti kadhaa, zile pete nyeusi za kuzuia kelele, kwenye kebo kabla haijaingia ndani.

Kwa mlingoti wa kimo hicho mita 40 inarusha mawimbi mengi juu kabisa, yanarudi kama mvua juu ya majimbo ya jirani. Ni nzuri kwa kuongea na watu wa kilomita mia kadhaa. Kwa mbali, subiri mita 20 jioni au mita 10 mchana, na usikilize vitambulisho vinavyoanza na 5H vya Tanzania, 5Z vya Kenya, 5X vya Uganda, 9Q vya Kongo. Mara ya kwanza niliposikia 5Z nilikuwa nimeshika kijiko cha uji, nikakishika hivyo hivyo dakika kumi.

Mambo mawili hayana mjadala. Kabla hujainua mlingoti, angalia juu: nyaya za umeme ziwe mbali angalau mara mbili ya urefu wa mlingoti, kwa sababu unapoanguka hauchagui upande. Na ukisikia radi, chomoa kebo, iweke nje ya gari, shusha mlingoti. Jambo la tatu lina mjadala lakini ni la adabu: kambi nyingi haziruhusu kufunga kitu kwenye miti, na watoto wa jirani hawaoni waya mweusi saa moja usiku. Uliza ofisini, kisha funga vitambaa vyeupe kwenye kila kamba.

Umeme na kelele

Redio ya HF ya wati 100 inanyonya karibu ampea 20 unapobonyeza. Waya wa milimita za mraba 5.3, ambao huku unaitwa namba 10, kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza volti 0.66. Betri yenye 12.6 inafika kwenye redio ikiwa na 11.9, na redio nyingi zimetengenezwa zisishuke chini ya 11.7. Betri ikichoka kidogo tu, sauti yako inaanza kukwaruza na wenzako wanakwambia "unakatika". Tumia namba 8, toa moja kwa moja kwenye betri ya nyumba, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, isiwe karibu na redio. Fyuzi inalinda waya usiwake moto.

Kelele utaitafuta kama panya. Washa redio kwa betri, kisha zima kitu kimoja kimoja: chaja ya ndani ndiyo mshukiwa wa kwanza, kisha kidhibiti cha sola, taa za LED, inveta. Kwa sola, tupa blanketi juu ya paneli na usikilize. Kelele ikikatika umempata. Feraiti za mchanganyiko wa 31 zinasaidia HF, lakini usipitishe waya mara moja tu katikati yake. Uzungushe mara tano, sita, uone tofauti.

Hatua ya mwisho: kupima

Kwa antena ya mita 2, pima SWR kwenye 144, 146 na 148. Ikiwa ndogo zaidi chini ya bendi, fimbo ni ndefu. Kata kwa uangalifu: milimita 3 na nukta kidogo zinahamisha megahezi moja nzima. Ukikata sentimita moja kwa hasira umenunua fimbo nyingine.

Na hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. SWR nzuri mno inaweza kuwa habari mbaya. Robo wimbi juu ya chuma kizuri ina omu 36, hivyo SWR yake ya kweli ni karibu 1.4. Fimbo fupi ya HF iliyofungwa vizuri, bila koili ya kulinganisha chini yake, inaonyesha karibu 2. Ikikuonyesha 1.1 bila koili hiyo, usishangilie: ardhi yako mbovu imeongeza ukinzani na nguvu inapasha moto bampa. Funga mikanda zaidi, na ukiona SWR imepanda, umefanya vizuri.

Jambo moja la watu wa ndani. Antena yangu ya paa iko karibu na kitanda cha juu ambako mtoto hulala. Tangu 2021 FCC imewaondolea wana-redio ule msamaha wa zamani, kila mmoja anatakiwa afanye hesabu za mionzi kwa kituo chake, hata kile cha kwenye gari. Hesabu zangu zilinipa jibu fupi: mtu akiwa kitandani, wati 5 au nyamaza. Na asiguse mtu fimbo ya HF unaporusha. Inaunguza kama kikaango.

Kabla ya kuwasha injini

Mwaka juzi niliondoka kambini na antena ya televisheni ikiwa imeinuliwa na fimbo ya HF haijashushwa. Tawi la mwaloni likaninyang'anya zote mbili mbele ya majirani waliokuwa wanakunywa kahawa. Tangu siku hiyo nina kitambaa chekundu cha khanga. Kitu chochote kikipanda juu ya paa, kitambaa kinafungwa kwenye usukani, na hakifunguliwi mpaka kitu hicho kishuke.

Baada ya kilomita 100 za kwanza simama, panda, kaza kila nati kwa mkono. Mtikisiko wa barabara utakuwa umelegeza angalau moja. Kisha subiri mvua ya kwanza kubwa, lala chali kitandani na tochi, na uitazame dari.